Pikipiki Mbili, Ua Mmoja: Ipi Iuzwe, Ipi Ibaki?

Moja ilinibeba siku za uchumba. Nyingine ilimbeba marehemu baba kwa miaka thelathini. Nafasi ilikuwa ya moja tu.

Wachumba wakikaa kupanga maisha huulizana mengi. Watoto wangapi? Tuishi upande gani wa mji? Nani alipe kodi, nani alipe umeme na maji? Mama mkwe akija atakaa muda gani? Hayo yote ni mazuri, na kama bado hamjaulizana, kaeni chini leo jioni. Lakini lipo swali moja ambalo sijawahi kulisikia kwenye kichen pati wala kwenye mafundisho ya ndoa. Vile vitu vyetu vya zamani tunavyovipenda vitakaa wapi? Na siku nafasi ikiisha, kitaondoka cha nani?

Usicheke. Kila mtu huingia kwenye ndoa na chake. Huyu ana cherehani ya bibi, yule ana redio kubwa ya marehemu mjomba, mwingine ana kabati la mninga lisilopita mlangoni. Vitu hivi havili wala havinywi, ila vina midomo. Ukikigusa cha mwenzio bila kumuuliza, utagundua kwamba hukugusa kabati, umegusa ukoo mzima.

Kwetu sisi zilikuwa pikipiki. Mbili, zote za zamani, zote zinapendwa. Tulikuwa tunahama kutoka nyumba yenye ua mpana kwenda nyumba nyingine hapa hapa Dar, yenye kijia cha kupitisha pikipiki moja tena kwa kubinya. Juu ya hapo, kiwanja tulichokuwa tunakilipia kwa awamu kilikuwa kimebakiza shilingi 600,000 na muuzaji alishaanza kupiga simu asubuhi na mapema. Kwa hiyo moja iuzwe. Ipi?

Nyigu wa baba

Ya kwangu ilikuwa Vespa PX 150. Nasema ya kwangu kwa mazoea tu, na utaona huko mbele kwa nini nasema hivyo. Baba alikuwa mwalimu Tanga, akainunua mwaka 1989 kwa mfanyabiashara mmoja wa barabara ya nane aliyekuwa anahama. Alienda nayo shuleni, sokoni, msikitini, kliniki, na kwenye misiba ya ndugu hadi Muheza. Sisi watoto wanne tulipanda kwa zamu, mdogo kabisa akisimama mbele katikati ya mikono yake.

Kama wewe ni kijana wa leo na unaijua Vespa kwenye picha tu, nikupe historia kidogo. Jina lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake nyigu. Kampuni ya Piaggio ilikuwa inatengeneza ndege, vita vikaharibu kiwanda chake cha Pontedera, na mwaka 1946 ikatoa chombo hiki kilichobuniwa na mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio. Ndiyo maana haifanani na pikipiki nyingine. Bodi yake ni bati la chuma lililokunjwa likawa ndiyo chesisi yenyewe, haina cheni inayorusha oili kwenye nguo, na mwenye kanzu au gauni anakaa kama yuko kwenye kiti cha sebuleni. PX ilitoka mwaka 1977. Gia unazungusha kwa mkono wa kushoto pamoja na klachi, na tairi la akiba unatembea nalo.

Na usidhani haikuhusu. Kampuni ya Bajaj ya India ilianza kwa kuunda Vespa kwa leseni ya Waitaliano tangu mwaka 1960 hadi 1971. Piaggio nao walishatoa ya miguu mitatu mwaka 1948, wakaiita Ape, yaani nyuki. Hiyo bajaji inayokupeleka kazini mvua ikinyesha ni ya ukoo huo huo wa nyigu na nyuki.

Baba alifariki mwaka 2020. Baada ya arobaini mama aliniomba niichukue Vespa, kwa sababu katika watoto wake wote mimi ndiye niliyejifunza kuiendesha. Ikaja Dar juu ya lori la machungwa.

Honda ya mnada

Ya mume wangu ni Honda CG 125. Aliinunua mwaka 2011 kwenye mnada wa mradi mmoja uliokuwa unafunga shughuli zake, kwa mshahara wake wa kwanza na mkopo wa washikaji wawili. Tangi limebonyea upande mmoja, taa ya nyuma si yake, lakini ukipiga kiki moja, imewaka.

CG ina sifa ambayo mafundi wote wanaijua. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako mtu anatembea miezi bila kumwaga oili. Injini yake haina cheni ya taiming. Vavu zinasukumwa kwa fimbo, kwa hiyo kuna kitu kimoja pungufu cha kulegea na kukatika. Muundo huo Wachina waliuiga, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa vijiwe vya bodaboda zina injini ya ukoo huo. Faida yake? Spea. "Shem," fundi wetu aliniambia, "Honda hii hata ikizima kijijini ambako hakuna umeme, hukosi kijana mwenye plagi yako na ringi zako mfukoni."

Na mimi nina deni nayo. Mwaka 2013 mwenye nayo alinipakia kutoka Mwenge kwenda Bagamoyo, mvua ikatukamata Bunju, tukajibanza kwenye kibanda cha muuza chipsi kwa saa mbili. Hapo ndipo aliponiuliza kama anaweza kutuma washenga Tanga. Washenga walipofika, swali la kwanza la baba halikuwa kabila wala kazi. "Huyo kijana ana pikipiki? Anaitunza?" Nilipoolewa, mkwe na mkwewe walikuwa wakikutana wanakaa chini ya mwembe na kuongea habari za kabureta mpaka chakula kinapoa.

Sasa unaona ugumu ulipo. Haikuwa kumbukumbu yangu dhidi ya kumbukumbu yake. Kila pikipiki ilikuwa na sisi wote wawili ndani yake.

Kila mmoja anauza yake

Ugomvi wa wapendanao una vituko. Watu wengine wangegombana kila mmoja akivutia kwake. Sisi tuligombana kwa sababu kila mmoja alitaka kuuza yake.

Mume wangu ndiye aliyeanza. Alirudi jioni moja akasema amemuonyesha dalali Honda, na dalali kasema laki tisa haikosi. Nikamuuliza mbona umeamua peke yako? Akajibu taratibu, huku anafunua chungu kuangalia mboga: "Honda naweza kupata nyingine. Mzee hawezi kukuachia Vespa nyingine."

Nikanyamaza. Ni maneno matamu, na mwanamke yeyote angependa kuambiwa hivyo. Lakini namjua mwenzangu, nikajua kuna la pili. Usiku akalitoa. "Watu wa Tanga watasema mkwe kaingia, mali ya mzee imetoka."

Hapo ndipo tulipokuwa tumekwama, na nadhani wengi hukwama hapo hapo. Mtu anasema "uza yangu" kwa upendo, lakini chini yake kuna hofu ya lawama. Ukimkubalia haraka, baada ya miaka mitano, siku mmekosana kwa jambo jingine kabisa, utaambiwa: "Hata pikipiki yangu niliuza kwa ajili yako!" Zawadi ya namna hiyo ina riba kubwa.

Tukakubaliana mambo mawili. Kwanza, hakuna kuuza mpaka tumeandika hesabu yote kwenye karatasi. Pili, fundi azipime zote mbili, na atakachosema tukisikilize bila kumkatisha.

Alichosema fundi

Kuhusu Honda alimaliza kwa dakika kumi: cheni na sproketi zimekwisha, shokomzoba moja inavuja, mengine safi.

Kwenye Vespa alikaa saa nzima. Nje inang'aa, maana turubai limeisaidia. Akafunua raba ya kukanyagia, chini yake kutu imeshaanza kula bati. Na kama nilivyosema, kwenye Vespa bati ndiyo chesisi, likioza hakuna fremu nyingine ya kuokoa. Petroli ilikuwa imekauka ndani ya kabureta ikaacha ute kama gundi. Tairi zina nyufa kwa kusimama tu. Jambo lililomtia wasiwasi zaidi ni sili za injini. Hii ni injini ya mipigo miwili, petroli yake unaichanganya na oili, mililita 100 kwa lita tano. Ikitembea, oili hiyo hulainisha sili. Ikilala muda mrefu, sili hukauka na kupasuka, injini ikaanza kuvuta hewa, ikachemka, pistoni ikang'ang'ania. "Shem," akasema, "pikipiki hii haifi kwa kutembea. Inakufa kwa kulala."

Tangu Vespa ifike Dar nilikuwa naitoa mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa miezi mitatu. Ujauzito ulipoanza, daktari akanishauri nisipande kabisa. Mume wangu miguu yake mirefu, magoti yanagonga usukani. Kwa hiyo nani angeitembeza?

Hesabu ya kalamu

Karatasi haina mapenzi, ndiyo uzuri wake. Tuliandika hivi.

Honda inampeleka mume wangu kazini na kumrudisha, kilomita 30 kwa siku. Inakula robo tatu ya lita. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000, hiyo ni 2,250 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi ni 54,000. Ongeza 16,000 ya oili na akiba ya spea, unapata 70,000 kwa mwezi. Bila Honda angepanda boda mpaka barabarani, daladala mbili, na kurudi vivyo hivyo: 5,000 kwa siku, 120,000 kwa mwezi. Kwa hiyo Honda inatuokolea 50,000 kila mwezi. Tukiiuza laki tisa, hela hiyo yote itakuwa imeliwa na nauli ndani ya miezi 18. Kiwanja tutamaliza kukilipa, halafu tutaanza kulipia daladala upya.

Vespa ilikuwa haiingizi kitu. Kuirudisha barabarani, yaani sili, tairi, kuziba kutu na rangi, fundi alitaja laki nne na kitu. Lakini wanaopenda Vespa wapo, na spea zake bado zinapatikana, nyingi za India, kwa sababu huko PX ziliundwa kwa miaka mingi. Kwa hali ile ile ilivyo, alisema, mtu anayeijua hatashindwa kutoa milioni moja na nusu hadi mbili.

Mpaka hapo jibu linaonekana rahisi. Uza Vespa, baki na Honda, lipa kiwanja, chenji inabaki. Ngoja kwanza.

Mali ya nani?

Kadi ya Vespa ilikuwa na jina la baba. Na marehemu hasaini mkataba.

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana watu wengi wanaishi na mali za namna hii: gari la marehemu, kiwanja cha marehemu, pikipiki ya marehemu. Kukaa nayo uani si kuimiliki. Ili iuzwe kihalali, familia inakaa kikao, inapendekeza msimamizi wa mirathi, mnapeleka muhtasari wa kikao na cheti cha kifo mahakamani, mahakama inamteua. Msimamizi ndiye anayesaini mauzo, na hela inagawiwa kwa warithi wote. Ukiuza kienyeji, mnunuzi wako atakwama siku ya kubadilisha jina TRA, na ndugu zako wana haki ya kukuuliza.

Kwa upande wa wanandoa nako kuna mambo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba ukioa au ukiolewa basi kila chako kimekuwa cha mwenzio. Kilichonunuliwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa chake mpaka ithibitike vinginevyo, na ulichompa mwenzio kama zawadi huchukuliwa kuwa ni chake moja kwa moja. Nyumba ya familia ndiyo yenye ulinzi wa pekee, huwezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzio. Pikipiki si nyumba. Kwa hiyo Honda ilikuwa ya mume wangu kuiuza au kuiacha, na Vespa haikuwa yangu wala yake. Ilikuwa ya warithi.

Na warithi ni watano. Sisi ni Waislamu, baba aliacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, wazazi wake walishatangulia, na hakuacha deni. Mke mwenye watoto hupata sehemu moja ya nane. Kinachobaki kinagawiwa kwa watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike. Vespa ikiuzwa shilingi 1,800,000, mama anapata 225,000. Inabaki 1,575,000, tunaigawa mafungu sita, kila fungu 262,500. Kaka zangu wanapata 525,000 kila mmoja. Mimi na dada yangu 262,500 kila mmoja.

Soma tena. Honda ingetupa laki tisa zote kesho asubuhi. Vespa ingetupa laki mbili na nusu na kidogo, baada ya miezi kadhaa ya mahakama. Mtu mwenye haraka ya kulipa kiwanja angeuza Honda bila kufikiri mara mbili.

Mume wangu akaitazama ile karatasi, akacheka. "Si nilikwambia tuuze Honda?" Nikamwambia, mbona unaruka ule mstari wa miezi 18? Akaacha kucheka.

Kikao cha Tanga

Tulikwenda wote wawili. Nilitaka awepo, asikie mwenyewe kama watu wa Tanga watasema mkwe kaingia mali imetoka.

Mirathi ya baba ilikuwa haijafunguliwa. Mama alikuwa hajawa tayari, na hakuna aliyemharakisha. Nilipoeleza habari ya Vespa, kaka mkubwa akasema isiuzwe, ni ya mzee. Kaka mdogo akasema iuzwe, lakini si kwa watu wa vyuma chakavu. Dada akasema yeye hataki hela, anataka picha. Maneno yakawa mengi, sauti zikapanda. Kaka mkubwa akamgeukia mume wangu: "Shemeji, wewe unasemaje?" Nikaona anavyojifuta jasho. Akasema, "Mimi nilitaka kuuza yangu ili hii ibaki. Ila pale kwangu inaoza, na sitaki ioze mikononi mwangu."

Mama alikuwa kimya muda wote anachambua mchele. Akaweka ungo chini. "Baba yenu alikuwa akiamka alfajiri, anaifuta umande kabla hajanywa chai. Leo nani anaifuta?"

Hakuna aliyejibu. Kaka mkubwa angeweza kusema ataichukua yeye, na tulimpa nafasi aseme, maana hilo lingekuwa jibu zuri kuliko yote. Lakini anaishi ghorofa ya tatu na anaendesha gari la kazini. Akatikisa kichwa. Basi tukakubaliana: iuzwe kwa mtu atakayeiendesha. Nyumba anayoishi mama isiguswe na yeyote yeye akiwa hai. Kaka mdogo awe msimamizi wa mirathi. Yote yakaandikwa na kusainiwa siku hiyo hiyo. Tulikwenda kwa ajili ya pikipiki, tukarudi na jambo la nyumba limewekwa sawa. Ukiniuliza leo, hilo la pili ni kubwa kuliko pikipiki zote mbili.

Mzee wa masikio

Mahakama ya mwanzo ilipomaliza, tulipokea wanunuzi watatu. Wa kwanza alitaka kuikata awe anaiweka mbele ya baa yake kama pambo. Hapana. Wa pili alitaka kulipa kwa mafungu. Hapana, asante. Wa tatu alikuwa mzee mstaafu aliyewahi kuwa na PX ujanani. Hakuangalia rangi. Aliinama akafunua raba ya kukanyagia, akakwaruza kutu kwa ukucha, akanusa tangi, kisha akasema iwashwe. Fundi alikuwa ameshasafisha kabureta. Kiki ya tatu ikaitika, ule mlio wake mwembamba ukajaa uani. Mzee akafumba macho, akasikiliza.

Akataja milioni moja na nusu. Na hapa ndipo mume wangu aliponishangaza. Yule yule ambaye hakutaka iuzwe alibishana bei kama mama muuza samaki wa Feri, akitaja kila kitu: tairi la akiba lipo, kadi safi, injini haijawahi kufunguliwa na fundi wa vichochoroni. Wakapeana mkono kwa 1,800,000.

Chini ya siti palikuwa na daftari la baba la mazoezi, lenye mwandiko wake wa ubaoni: tarehe ya kila oili, kila plagi, kila tyubu, tangu mwaka 1989. Mzee alilitaka, na kwa haki, maana kwa mnunuzi daftari kama hilo ni nusu ya dhamana. Tulimtolea nakala kurasa zote. La asili liko kwa mama.

Kiwanja je? Fungu langu la 262,500 lilikwenda lote huko. Zilibaki 337,500, tukamwendea muuzaji na karatasi ya malipo, tukaomba miezi minne, akakubali kwa kununa. Tumemaliza. Mtoto amezaliwa. Honda imebadilishwa cheni na shokomzoba, na inalala kwenye kile kijia chembamba, ikigusa ukuta pande zote mbili.

Kama na ninyi mko njia panda

Yawezekana kwenu si pikipiki. Iwe gari kuukuu au jenereta la babu, maswali ni haya haya. Kaeni wawili, kalamu mkononi.

1. Mara ya mwisho ilitumika lini? Taja tarehe. "Juzi juzi" si tarehe.

2. Nani ataitunza kwa mikono yake mwaka huu? Kama hakuna jina la kuandika, mmeshapata nusu ya jibu.

3. Ikiondoka, itagharimu nini kila mwezi? Msiangalie bei ya kuuzia tu. Pigeni hesabu ya nauli, ya kukodi, ya kuazima.

4. Kadi ina jina la nani? Kama ni la marehemu, anzeni na mirathi. Hakikisheni namba ya chesisi na ya injini zinafanana na za kwenye kadi.

5. Spea zipo? Pikipiki inayopendwa lakini haina spea itawageuza watumwa. Muulizeni fundi asiyetaka kuinunua.

6. Anayesema "uza yangu" anaogopa nini? Muulize kwa upole, usiku, simu zikiwa mbali.

7. Mmeandikiana? Mkataba wa mauziano mbele ya wakili au serikali ya mtaa, TIN za pande zote mbili, na jina libadilishwe TRA mapema. Angalieni pia kama namba haidaiwi faini za trafiki. Chombo kikipata ajali kingali na jina lako, wewe ndiye utakayetafutwa kwanza.

Na jambo la mwisho kwa ninyi wenye nafasi, wenye hela ya spea, na wenye mtu wa kufuta umande asubuhi: msiuze kwa sababu mhariri kauza. Acheni zote mbili. Nunueni helmeti mbili nzuri, na Jumapili moja mtoke mkazitembeze, maana mmesikia fundi alivyosema zinavyokufa.